Misumari Isiyopigwa Mpaka Mwisho

Wanawake wa mtaa wetu huja kuniuliza namna ya kuishi vizuri katika nyumba ndogo. Sijui nani aliyewaambia kwamba mimi ni mjuzi. Huenda ni kwa sababu kila barabara ya kaskazini inapofungwa watu wengi hulala kwangu, na asubuhi hakuna anayetafuta kiatu chake. Ninawaambia ninayoyajua. Sufuria ipakwe sabuni kwa nje kabla haijawekwa juu ya kuni, na masizi yatatoka kwa maji tu. Maharagi yalowekwe jioni, na kesho yake yakishachemka vizuri yaondolewe motoni, yafunikwe, yavishwe blanketi kuukuu. Yataendelea kuiva yenyewe na makaa yatabaki kwenye gunia. Bidoni zijazwe maji kabla ya kulala, si alfajiri wakati mtaa mzima umesimama kwenye bomba na kila mtu amenuna. Wanasikiliza, wanashukuru. Kisha wanatazama kuta zangu za mbao na kuuliza kwa nini mimi, mwenye maarifa yote hayo, sina msumari hata mmoja wa kutundikia sufuria.

Hapo huwaongezea chai. Jibu ni refu, na wanawake wa mtaa wetu wana tabia ya kummalizia mtu hadithi yake. Kwenye karatasi hakuna wa kunikatiza.

Maarifa yenyewe si yangu, ni ya mama. Wazazi wangu ni watu wa Butembo. Walipooana walishuka Kiwanja, mji wa soko ulio kando ya Rutshuru, kwa sababu huko maharagi yalikuwa mengi na barabara ya kuja Goma ilipita mlangoni. Baba aliendesha lori la mfanyabiashara mmoja. Mama alinunua maharagi kwa wakulima akayauza sokoni. Hawakuwa na ardhi. Walijenga nyumba ya mbao kwenye ardhi ya mtu, na mama akamwambia fundi asipige misumari mpaka mwisho. Kila msumari uachwe umetoa kichwa nje, upana wa kidole, ili siku wakiambiwa waondoke waung'oe bila kupasua ubao. Fundi alinung'unika kwamba nyumba itaonekana kama kazi iliyokatizwa. Mama alimjibu kwamba ni kazi iliyokatizwa kweli, na aendelee kuikatiza hivyohivyo.

Miaka ikapita, wakainunua ile ardhi. Siku waliyokabidhiwa mama hakufanya karamu. Aliazima nyundo, akaizunguka nyumba akigonga msumari baada ya msumari mpaka kila kichwa kikalala juu ya ubao. Nilikuwa mdogo, nilimfuata nimeshika upindo wa kitenge chake. Msumari wa mwisho aliniachia mimi, nikaupinda. Alicheka mpaka akakaa chini, akasema uachwe hivyo, hata uliopinda nao umefika kwetu. Nilijiona mtu mkubwa sana siku ile, na nyundo yangu mkononi.

Kisha vita ikaja. Sitaeleza ilikuwa ya nani na nani. Waliopigana walibadilisha majina mara nyingi kuliko sisi tulivyobadilisha nguo. Tulishuka Goma kwa lori la baba, tukikalia magunia ya maharagi ya bosi wake, tukapokewa na jamaa ambao walitufurahia kwa wiki moja na kutuvumilia zilizofuata. Kulipotulia kidogo wazazi walirudi Kiwanja kutazama. Nyumba yetu ilikuwa imesimama, lakini ya jirani wa upande wa kushoto ilikuwa imeanza kuvunjwa, ubao kwa ubao, kuwa kuni za wanajeshi. Mama akasema hawatamwachia mtu nyumba yao aipikie. Wataibomoa wenyewe, waje nayo Goma, na amani ikirudi watairudisha.

Basi wakaibomoa. Ile misumari iliyopigwa kwa furaha haikutaka kutoka. Kila mmoja ulitoka na kipande cha ubao. Nyumba iliyokuwa na vyumba vitatu Kiwanja ilifika Goma ikiwa vyumba viwili na mzigo wa kuni. Mama alisema baadaye kwamba siku ile hakusikia milio ya risasi, alisikia mbao tu zikipasuka. Baba anasema huo ni uongo, risasi alizisikia na alilala kifudifudi kama kila mtu. Lakini hata baba anakubali kwamba kilio kilikuwa cha mbao.

Ilibaki kupata mahali pa kuisimamisha. Watu walimwelekeza mama kwa mjane mmoja mzee, wa zile familia za Kiislamu zilizokuja Goma zamani na biashara kutoka Maniema. Alikuwa na ardhi pana na Kiswahili kilichonyooka, na vyote viwili alijivunia. Ni lazima nieleze kwamba sisi ardhi ya kujengea tunaiita parseli, kama Wabelgiji walivyotuachia. Neno kiwanja kwetu ni jina la mji wetu, basi. Mama alifika, akasalimia, akajieleza kwamba ametoka Kiwanja na ameikimbia vita. Kabla hajafika kwenye ombi lake, yule mzee alimwambia kwa upole:

"Kiwanja kipo, mama."

Mama aliruka kutoka kwenye kiti. "Nani amekuambia? Banajeshi bametoka? We ulifika kule?"

Mjane alimtazama kwa mashaka, kama mtu aliyeanza kujuta. "Kipo hapa nyuma," alisema. "Karibu na choo."

Walipoelewana, mjane alicheka mpaka akashika ubavu. Mama alicheka pia, ila alichelewa kidogo. Mimi nilikuwa pale mlangoni, na nilimwona usoni kabla kicheko hakijafika. Kwa muda wa pumzi moja alikuwa amekwisha kurudi kwao.

Hilo ndilo alilolitaka mama miaka ile yote, kurudi Kiwanja, na mengine yote aliyoyafanya Goma aliyafanya kwa ajili hiyo. Ninalisema wazi kwa sababu watu walidhani ana wazimu wa usafi.

Nyumba ilisimamishwa nyuma ya ardhi ya mjane, juu ya jiwe jeusi la volkano ambalo halichimbiki, miguu yake ikiegemezwa kwa mawe madogo. Kabla ya kuisimamisha, mama alipasha msumari moto akaunguza alama kwenye mbao. Ukuta wa mlango aliutia msalaba, ukuta wa jikoni duara, ukuta wa kulala meno ya msumeno, wa nne hakuutia kitu maana usio na alama nao unajulikana. Kisha kila ubao aliutia mistari ya kuonyesha upi unafuata upi. Baba alipoanza kugonga, mama alisimama nyuma yake na kidole chake cha shahada, akikipitisha chini ya kila kichwa cha msumari. Kidole kisipopita, msumari unavutwa.

"Tutapiga mpaka mwisho siku tutafika kwetu," alisema. "Apa tunapita."

Hivyo tukawa na nyumba ambayo kuta zake zote zilijaa misumari iliyochomoza. Mtu mwingine angeona kero. Mama aliona mahali pa kuweka vitu. Maarifa ninayowapa majirani yalizaliwa hapo, na sidhani kama angeyafikiria katika nyumba ya matofali.

Kwanza, hakuna kitu kilichokaa chini. Mvua ya Goma ikinyesha sana hupita chini ya mbao na kutoka upande wa pili bila kubisha hodi. Ikikuta sakafu tupu inaendelea na safari yake. Sakafu tupu pia inafagiliwa kwa muda mfupi kuliko wa kutafuta ufagio, na ufagio haukutafutwa kwa kuwa ulikuwa na msumari wake. Kila msumari ulikuwa na mwenyewe mmoja. Kinachotumika kila siku kilitundikwa penye mkono, kinachotumika Jumapili kilipanda juu. Na mtu akitaka kuleta kitu kipya nyumbani, alitakiwa kwanza kusema kitakaa kwenye msumari gani. Baba alinunua redio bila kulifikiria hilo. Alisimama katikati ya nyumba ameipakata, akizungusha macho, mpaka akaitoa kofia yake kwenye msumari wake, akaivaa, na kuitundika redio hapo. Ndiyo maana katika picha zote za miaka ile baba amevaa kofia hata ndani.

Pili, vitu vilitundikwa kwa mpangilio wa kuondoka. Ukiingia, upande wa kushoto wa mlango zilianza nguo, kisha vitabu vya shule katika mfuko, kisha blanketi zilizokunjwa na kufungwa kamba, kisha unga, chumvi katika chupa, sufuria, na mwisho kabisa, upande wa kulia wa mlango, bidoni ya maji iliyojaa ambayo hatukuruhusiwa kuinywa. Mtu akianza kushoto akafuata ukuta, alifika mlangoni upande wa pili akiwa na maisha yake yote, vyepesi mgongoni na vizito mkononi. Mara nyingine, hata mchana, hata siku isiyo na habari yoyote mbaya, mama alisema neno moja tu, "Ukuta!", nasi tulizunguka. Majirani walituona tukitoka na mizigo, tukisimama kwenye mawe, tukirudi ndani tena. Walizoea.

Sitakataa kwamba ilirahisisha maisha. Hatukuchelewa shule, hatukugombana kuhusu soksi, na mara mbili tatu ambapo mji wenyewe ulikimbia, sisi tulikuwa barabarani wakati wengine bado wanawapigia kelele watoto. Lakini sikuipenda nyumba ile. Gauni zangu zote zilikuwa na mchaniko begani. Wasichana wa shule walipokuja walijikunja katikati ya chumba kama watu wanaoogopa kuchafua. Nilichoka kuishi kama abiria, na siku moja nilimwambia mama hivyo, kwa sauti isiyo ya mtoto kwa mzazi.

Hakunikemea. "Hii nyumba iko mu njia, mutoto wangu," alisema. "Ikifika, tutapiga misumari, na we utavaa nguo ya muzuri."

Mjane naye alikuwa na maoni yake. Alikuja jioni kuota moto wa mbabula yetu, jiko la makaa, akatazama kuta akatikisa kichwa. "Nyumba yako, mama, ni kama mgeni aliyekataa kuvua viatu," alisema. Mama alicheka, akamwongezea maharagi.

Ni baba aliyeasi. Alikuwa ameanza kuizoea Goma. Bosi wake alikuwa hapa, marafiki zake madereva walikuwa hapa, na hata kanisani alikuwa amepata benchi lake. Jumapili moja msumari wa ukuta wa jikoni ulimchania shati jeupe kutoka bega hadi kiwiko, shati la pekee lililokuwa na kola nzima. Kesho yake mama alipokwenda sokoni, baba aliazima nyundo akapiga misumari ya ukuta ule wote mpaka mwisho. Alipomaliza alipitisha kiganja juu ya ubao, laini kabisa, akaniita nami nipitishe. Nilipitisha. Nakiri nilifurahi.

Mama alirudi. Aliona ukuta. Alipika, akatugawia, akaosha sufuria. Kisha akaipeleka mahali pake pa siku zote, kwenye ukuta wa jikoni, akaitundika kwenye msumari ambao haukuwepo tena, akaiachia. Ilianguka karibu na mguu wa baba kwa kishindo kilichomwamsha mtoto wa jirani. Mama aliiokota, akaiosha upya, akaenda kulala. Jioni ya pili alifanya vilevile, na uso wake ulikuwa mtulivu kama wa mtu anayefunga mlango. Jioni ya tatu baba alianza kuivuta miguu chini ya kiti mara tu alipoona sufuria inaoshwa. Sikumbuki ilidumu jioni ngapi. Nakumbuka asubuhi nilipomkuta baba na koleo, akichokoa vichwa vya misumari kutoka kwenye mbao na kutukana kwa Kinande, lugha ya kwao Butembo, polepole, ili asipasue kitu.

Wakati wote huo mama alifuata habari za Kiwanja. Pale sokoni kila dereva aliyeshuka kutoka kaskazini alimpitia, maana aliwajua wote kupitia kwa baba, naye aliwauliza: nani analima karibu na mto, soko linafunguliwa siku gani, malori yanalala wapi. Hakuuliza kama kuna amani. Alisema mtu akiulizwa kuhusu amani hujibu analolitaka, lakini akiulizwa bei ya maharagi husema kweli.

Msimu mmoja majibu yalikuwa mazuri, na msimu uliofuata yakawa mazuri tena. Watu walianza kurudi. Mama alimwambia baba azungumze na bosi wake. Baba alizungumza naye bila haraka, lakini alizungumza, kwa kuwa alikuwa ameahidi. Lori lilikuwa lipande Kiwanja likiwa na sabuni na chumvi tu, na juu ya sabuni na chumvi palikuwa na nafasi ya nyumba.

Tuliibomoa asubuhi moja. Sijawahi kuona kazi inayokwenda vizuri kama ile. Misumari ilitoka kwa kugusa, mizima, imenyooka, mama akaihesabia ndani ya mkebe wa maziwa, na hakuna ubao hata mmoja uliopasuka. Mbao zilitoka kwa mjane mpaka barabarani juu ya chukudu, yale magari yetu ya mbao ya magurudumu mawili, kila ukuta na safari yake, kabla jua halijawa kali. Mjane alisimama akitazama pembe yake ikirudi kuwa mawe. "Sitampa mtu mpaka nisikie mmefika," alisema. Mama alimwambia ampe tu. Mimi nilimwonea mama fahari. Miaka yote ile nilidhani ni ukaidi, kumbe ilikuwa ni kazi.

Baba na mama walikaa mbele pamoja na wadogo zangu. Mimi nilikaa juu, kwenye mbao, na mabati ya nyumba chini yangu yakigongana. Kupitia dirisha lililokosa kioo nilimsikia mama akieleza ukuta upi utaanza kusimama. Alikuwa na mkebe wa misumari mapajani na nyundo miguuni. Alisema hatasubiri fundi.

Tulipofika Kalengera mvua ilikuwa imeanza. Siku ya kawaida, ukitoka Kalengera unafika Kiwanja kabla mtoto hajaanza kuuliza kama bado ni mbali. Barabara ilikuwa imejaa watu, na wote walikuja upande wetu. Magodoro vichwani, mbuzi, baiskeli zilizosukumwa. Baba alizima mashine. Nikiwa juu niliona mpaka pale barabara inapopinda, na hapo pia walikuwa watu.

Mama alimtambua mmoja wao. Alikuwa jirani yetu wa Kiwanja, yule yule wa upande wa kushoto, ambaye nyumba yake ilikuwa imeanza kuvunjwa na aliijenga upya. Alikuwa akisukuma baiskeli, na juu ya baiskeli amemfunga mama mkwe wake kwa kitenge asianguke. Alitazama lori, akatazama mbao, akanitazama mimi juu ya mbao.

"Mama," alimwambia mama yangu, "munapeleka nyumba wapi? Siye tunatoka kuacha zetu."

"Bamefika Kiwanja?" mama aliuliza.

"Bamefika jana magaribi. Leo banapiga mpaka ku soko."

Baba alishuka, akazunguka lori mara moja kama anayekagua magurudumu. Kisha akasema, bila kumtazama mama: "Tunageuza. Kamio itabeba batu, ao itabeba mbao. Haiwezi kubeba yote."

Mama aliitazama barabara mbele. Yule mzee kwenye baiskeli alikuwa akitetemeka, na maji yalimtiririka kwenye kidevu. Nilijua mama anataka nini. Nilijua pia atasema nini, na nilitamani asiseme.

"Mushushe nyumba," alisema.

Tukaishusha. Hata hapo hakuacha kupanga. Sabuni na chumvi za watu hazikuguswa. Juu yake alisema zirudishwe mbao za ukuta wa msalaba peke yake, zilazwe bapa, wazee na wenye watoto wachanga wakae juu yake. Mabati yasiachwe, watu wayashike juu ya vichwa vyao yawe paa. Hivyo paa la nyumba yetu lilirudi Goma juu ya watu niliowajua tangu utotoni, na mvua ikalipigia kelele kama zamani. Kuta nyingine tatu zilibaki.

Lakini hakuziacha ovyo. Watu wakipanda, wakisukumana, mama aliokota mawe akayapanga kando ya barabara, akalaza juu yake mbao za duara, kisha za meno, kisha zisizo na alama, kwa mfuatano wa mistari yao, na kati ya kila safu akaweka vijiti hewa ipite. Baba alipiga honi. Alipiga tena.

"Mama, twende!" baba alipaza sauti.

"Zikipangwa mubaya zinapinda," alijibu bila kugeuka.

Nilimwonea huruma mpaka nikamchukia kidogo. Nilitaka alie, au atupe ubao mmoja tu. Aliponyoosha ule wa mwisho, aliupangusa maji kwa kiganja, jambo lisilo na maana kwenye mvua ile, akapanda. Mzee wa baiskeli alikaa mbele, mahali pa mama. Mama alisimama nyuma nasi, ameshika kona ya bati. Mbao zile zilipikia nani, au zilimlaza nani, sikuwahi kujua.

Tulifika Goma tumelowa. Lori lilisimama barabarani, na mjane alitoka na mwavuli wake. Aliona watu wengi wakishuka, akaona mbao chache na mabati. Hakuuliza kuhusu safari. Alimfunika mama kwa mwavuli, akasema kwa kile Kiswahili chake kilichonyooka:

"Kiwanja kipo, mama."

 Safari hii mama hakuuliza nani amemwambia. "Aksanti, mama," alisema, akapita kwenda nyuma, karibu na choo.

Tulijenga chumba kimoja. Ukuta mmoja ulikuwa wetu, mwingine ulitoka kwenye masanduku ya sabuni aliyotupa bosi, na mbili zilizobaki zilikuwa turubai mpaka baba alipopata mbao. Jirani yetu wa Kiwanja na mama mkwe wake walilala kwetu, na wengine kwa mjane. Baba aligonga. Alikuwa amekwisha kuzoea. Kila msumari aliuacha umetoa kichwa upana wa kidole, na kila mara aliweka mkono pembeni kumpisha mama apime. Mama alikuwa ameketi juu ya jiwe akichagua maharagi. Hakunyanyuka.

"Papa," alisema, "piga mpaka mwisho."

Baba alisimama na nyundo hewani. "Mama, hii ni Goma."

"Ninaona."

Alipiga. Alirudi nyuma kwa ile aliyokwisha kuipiga, akaizamisha nayo. Hakuimba, hakupiga mluzi, na aligonga kwa adabu, kama mtu anayebisha kwenye nyumba ya watu. Nilimtazama mama. Mkono wake ulikuwa ukichagua maharagi mazuri pamoja na mabovu, bila kuyatenganisha.

Jioni tulipika kwenye sufuria ileile. Watu walikuwa wengi, kila mtu alipata kidogo. Mama aliosha sufuria, akapaka sabuni kwa nje kwa ajili ya kesho, akaenda nayo kwenye ukuta wa mbao. Akainua mkono mpaka kimo cha msumari wake wa zamani. Ubao ulikuwa laini. Baba akavuta miguu chini ya kiti.

Mama hakuiachia. Aliinama, akaiweka sakafuni pembeni ya ukuta, akaisogeza kidogo ikae sawa.

"Utaiweka chini?" baba aliuliza.

"Batu benye banakaa," mama alisema, "banaweka vintu chini."